Katuni zilivuka mpaka kabla ya mizigo yetu

MWAKA 1992 kijana mmoja wa Dar es Salaam, aliyekuwa ameanza kusomea usanifu wa majengo, aliacha masomo akavuka mpaka kwenda Nairobi. Godfrey Mwampembwa hakuwa na shehena ya kukaguliwa wala cheti cha uasili wa bidhaa cha kugongewa muhuri. Alichokwenda kuuza ni mkono wake. Gazeti la Daily Nation likamwajiri, na baada ya miaka michache jina fupi analotia chini ya michoro yake, Gado, likawa linajulikana Kampala na Kigali, na huko huko Dar alikotoka.

Wafanyabiashara wa mpakani hupiga hesabu za mahindi, dagaa, vitenge na vipuri. Mara chache mtu huuhesabu mchoro kuwa bidhaa. Lakini ukifuatilia historia ya katuni na hadithi za picha katika nchi zetu utaona njia zile zile unazopita wewe, vikwazo vile vile, na hata hasara za namna ile ile: soko kufungwa ghafla, mali kunakiliwa na asiyehusika, mtengenezaji kuambulia senti huku wa katikati akinenepa.

Gado hakuwa wa kwanza. Kabla yake Mganda James Tumusiime alikuwa Nairobi akichora mfululizo wa Bogi Benda, uliosomwa sana na Wakenya ambao wengi hawakujua kwamba mchoraji ni jirani. Baadaye alirudi kwao, akaanzisha kampuni ya uchapishaji vitabu ya Fountain mjini Kampala mwaka 1988. Madereva wanaoshuka na mizigo kwenda Rwanda kwa barabara ya Masaka na Mbarara wanapita mlangoni kwake kila siku, maana kituo cha utamaduni cha Igongo, kilichopo kabla ya kuingia Mbarara, ni chake pia. Frank Odoi naye alitoka mbali zaidi, Ghana, akafika Nairobi na kukaa huko hadi alipofariki kwa ajali ya matatu mwaka 2012, akiwa ameacha hadithi za Golgoti na Akokhan.

Kwa nini wote walielekea Nairobi? Jibu ni lile lile linalompeleka Nairobi mwenye vitunguu wa Tanzania: mnunuzi mwenye fedha taslimu alikuwa huko. Magazeti ya Nairobi yalikuwa ya kibiashara na yalijaa matangazo. Upande wa Tanzania, hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, magazeti makubwa ya kila siku yalikuwa mali ya chama au serikali, na mchoraji alikuwa mtumishi kama watumishi wengine. Vipaji havikuwa haba. Kilichokuwa haba ni wanunuzi.

Majarini na sungura

Picha ziliingia katika magazeti ya Kiswahili mapema. Jarida la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923 na idara ya elimu ya serikali ya kikoloni, na kwa miongo kadhaa ndilo lililosomwa kwa sauti barazani, mmoja akisoma na kumi wakisikiliza. Hadithi ya picha kama tunavyoijua leo, yaani visanduku vinavyofuatana na maneno yakitoka mdomoni mwa mhusika, ilikuja kushika kasi miaka ya 1950, na sehemu kubwa ya walioileta walikuwa wafanyabiashara. Matangazo ya majarini na bidhaa nyingine za dukani yalichorwa kama visa: mtoto ni mnyonge, mama anapata ushauri, mtoto anakula mkate uliopakwa, mtoto anashinda mbio. Aliyekuwa hajui kusoma vizuri alifuata picha. Kampuni zilijua zinachokifanya.

Miaka hiyo hiyo Mkenya Edward Gicheri Gitau alimzaa Juha Kalulu, ambaye wasomaji wa Taifa Leo walimfuata kwa zaidi ya nusu karne. Jina lenyewe lina safari yake. Kwa Wanyanja na Wabemba wa kusini, kalulu ni sungura, na katika ngano zetu sungura ndiye mjanja wa wote, anayemchezea fisi na simba. Gitau akamuunganisha na juha. Matokeo yake ni mtu wa kawaida anayejiona mjanja huku mambo yakimwendea kombo kila siku. Sijui mchuuzi asiyemfahamu mtu wa namna hiyo pale sokoni kwake.

Chakubanga na foleni ya sabuni

Tanzania ilimpata mtu wake katika gazeti la Uhuru. Christian Gregory alimchora Chakubanga, mwanamume mpenda pombe na wanawake, mvivu wa kazi, mwepesi wa maneno. Gazeti lilikuwa la chama, na chama kilikuwa kikihubiri kazi na kujitegemea, lakini kwenye kona yake Chakubanga alikuwa anafanya kinyume cha yote hayo mbele ya macho ya wakubwa. Hakuguswa. Pengine ni kwa sababu kila mkubwa aliamini kwamba anayechekwa ni mwingine.

Ili kuelewa nguvu ya katuni hizo inabidi kukumbuka hali ilivyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari, mafuta ya kula na nguo vilikuwa adimu Tanzania. Watu walipanga foleni kwenye maduka ya ushirika. Mwaka 1983 serikali ikaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi, na watu walioshikwa na bidhaa walizoficha wakafikishwa mbele ya mabaraza maalumu. Wazee wa biashara wa Arusha, Moshi na Mwanza wanaikumbuka vizuri; wapo waliotupa mali usiku kwa hofu. Katika mazingira hayo mzaha haukuwa jambo dogo. Mtu alikuwa na njaa ya kucheka kama alivyokuwa na njaa ya sukari.

Hapo ndipo jarida la Sani lilipopata soko lake. Jina lake lilitokana na silabi za mwanzo za majina ya waanzilishi wawili, Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo. Halikuwa la chama wala la serikali. Lilikuwa biashara ya watu binafsi wakati ambapo biashara ya watu binafsi ilitazamwa kwa jicho la pembeni. Ndani yake mlikuwa na Ndumilakuwili, na Madenge mtoto mtundu wa shule, na Lodi Lofa, ambaye jina lake peke yake ni kichekesho: mkono mmoja una cheo cha Kiingereza, mkono mwingine hauna kazi. Philip Ndunguru ndiye aliyewapa wengi wa wahusika hao sura zao. Mistari yake ilikuwa ya haraka, miguu mirefu, viatu vikubwa, jasho linaruka. Alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Wachoraji waliokuja baadaye, kuanzia Dar hadi Nairobi, wamepita darasani kwake hata kama hawakuwahi kumwona.

Sani ilisomwa hadi ikachakaa. Nakala moja ilizunguka mtaa mzima, kisha ikaishia mikononi mwa muuza karanga. Ndiyo maana leo ukitafuta toleo la zamani utahangaika. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya machapisho ya Afrika Mashariki, na anayetaka kuanza kutafuta aanzie huko, lakini nakala nyingi zilifungiwa vitumbua, na hiyo ni hasara isiyo na bima.

Mpaka ulipofungwa

Februari 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikiwa inasambaratika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Ulikaa umefungwa hadi mwaka 1983. Wafanyabiashara wanajua maana yake kwa upande wa ng'ombe, saruji na mbegu. Kwa upande wa magazeti maana yake ilikuwa kwamba jarida lolote la Nairobi lililokuwa na msomaji Arusha au Mwanza lilimpoteza kwa siku moja.

Wakati huo Nairobi ilikuwa na jarida la Joe, lililoanzishwa mwaka 1973 na mwandishi Hilary Ng'weno pamoja na Terry Hirst, Mwingereza mwalimu wa sanaa aliyekuwa amehamia Kenya. Joe alikuwa mwananchi wa kawaida wa mjini: ana deni, ana bosi, ana jamaa wa kijijini wanaokuja bila taarifa, na jioni ana baa. Katika kurasa zake mlikuwa na katuni na hadithi fupi za waandishi waliokuwa wanainuka. Lilikufa mwaka 1979. Lilikuwa na matatizo yake ya ndani kama biashara yoyote, na siwezi kuubebesha mpaka uliofungwa lawama yote. Lakini yeyote aliyewahi kuuza bidhaa yenye faida ndogo kwa kila kipande anajua kwamba bidhaa ya namna hiyo huishi kwa wingi wa wanunuzi, na ukikata soko umeikata shingo.

Kwa maoni yangu hilo ndilo lililoyaua majarida mengi ya picha katika nchi zetu, kuliko kukosekana kwa wasomaji. Gazeti la katuni huuzwa kwa bei ya soda. Lazima lifike Tabora, Kisumu na Gulu likiwa bado la moto, muuzaji achukue kamisheni yake, zisizouzwa zirudi, na fedha zirudi kabla ya toleo linalofuata kwenda mtamboni. Waliochora walikuwa hodari. Waliosafirisha na kukusanya fedha ndio walioshindwa.

Sufuria iliyozaa

Mwaka 1996 ilianzishwa Nairobi kampuni ndogo ya uchapishaji, Sasa Sema, kwa lengo ambalo lilionekana kama wazimu: kutoa vitabu kamili vya hadithi za picha kwa Kiswahili, vya kuuzwa dukani kama riwaya. Kimojawapo cha mwanzo kilikuwa Abunuwasi, kilichochorwa na Gado.

Uchaguzi huo ulikuwa wa akili ya biashara. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa Baghdad zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ngano zilizobandikwa jina lake zilivuka bahari pamoja na tende, mazulia na watu, zikashuka Lamu, Mombasa na Unguja, zikavaa kanzu ya Kiswahili. Askofu Edward Steere alikusanya ngano za Unguja na kuziweka katika kitabu alichochapisha London mwaka 1870. Kutoka pwani zikapanda bara na misafara. Kwa hiyo mchoraji wa 1996 alikuwa anauza mhusika ambaye soko zima lilikwisha kumjua, bila kumlipa mtu yeyote haki ya jina.

Na visa vyake ni vya kwetu kabisa sisi wa sokoni. Kile cha sufuria kila mtu amekisikia kwa namna yake. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani yake, anasema ile kubwa imezaa. Jirani, ambaye anajua wazi kwamba chuma hakizai, anapokea vyote viwili na kushukuru. Safari inayofuata Abunuwasi anaazima sufuria kubwa zaidi, anakaa nayo. Jirani akija kudai anaambiwa: pole, imefariki. Atapeleka wapi kesi? Aliyekubali kwamba inazaa hawezi kukataa kwamba inakufa. Umewahi kuona mtu akiingiza fedha katika mpango wa upatu unaozaa asilimia mia kwa mwezi? Basi umeshamwona yule jirani.

Sasa Sema ilitoa vitabu kadhaa na ilithibitisha kwamba wachoraji wa Afrika Mashariki wanaweza kubeba hadithi ndefu. Baadaye ilinunuliwa na wachapishaji wa Longhorn. Soko kubwa la vitabu kwetu ni shule, na shule hununua kilichomo kwenye mtaala. Kitabu cha picha kinachomchekesha mtu mzima kikakosa rafu ya kukaa.

Mifuko ya unga ya Lubumbashi

Ukivuka Kasumbalesa kuingia Lubumbashi unakuta historia nyingine, yenye Kiswahili chake. Miaka ya 1970 wachoraji wa huko walikuwa wakichora picha kwa rangi juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, kisha wanazunguka nazo kutafuta mnunuzi. Hizi hazikuwa picha za watalii. Zilitundikwa sebuleni kwa wafanyakazi wa migodi na reli. Picha iliyotoka sana ni ya mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki ambaye watu wa pwani humwita nguva. Inasemwa kwamba humpa mtu utajiri wa ghafla, kwa masharti. Ni rahisi kuelewa kwa nini watu waliokuwa wakiona jirani akitajirika bila maelezo walitaka picha hiyo ukutani.

Mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda-Matulu, aliwaza makubwa zaidi. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi yake, kutoka enzi za wafalme wa kale hadi Lumumba na baada yake, katika picha takriban mia moja, akamsimulia mtaalamu wa Kijerumani Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha Katanga. Ziweke kwa mfuatano na una hadithi ya picha ya nchi nzima. Kitabu cha Fabian chenye picha na masimulizi hayo kilitoka mwaka 1996. Habari za Tshibumba mwenyewe zilipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliyeziuza picha hizo kwa bei ya kujikimu hakuwahi kuona makumbusho yanayozionyesha leo.

Congo pia ndiyo nchi iliyochorwa na mtu ambaye hakuwahi kuiona. Hergé wa Ubelgiji alimpeleka Tintin wake Congo katika gazeti la watoto mwaka 1930, akiwa amekaa mezani Brussels, na Waafrika aliowachora ni midomo na macho tu, watu wazima wenye akili za watoto. Mkongomani mmoja aliyekuwa akiishi Ubelgiji alifungua kesi mwaka 2007 kutaka kitabu hicho kizuiwe. Mahakama ikakataa mwaka 2012. Jambo la kushangaza, au pengine si la kushangaza kwa mtu wa biashara, ni kwamba mafundi wa Kinshasa wamekuwa wakichonga Tintin wa mbao na kuwauzia wageni. Waliochekwa wameifanya dhihaka kuwa bidhaa. Sikulaumu mtu anayelisha watoto kwa kazi hiyo, ingawa mimi nisingemweka sebuleni kwangu.

Jibu lililo bora zaidi limetoka kwa Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani mwaka 1959, ambaye vitabu vyake vinachapishwa Ulaya. Mwaka 2014 alitoa Madame Livingstone, aliyoiandika pamoja na Christophe Cassiau-Haurie. Hadithi inatokea wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwenye Ziwa Tanganyika, na shabaha ya Wabelgiji ndani yake ni meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Wafanyabiashara wa Kigoma hawahitaji kuelezwa zaidi, maana meli hiyo wameipanda. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwenye makreti hadi Dar es Salaam na kupandishwa reli hadi ziwani, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Imebeba dagaa, mihogo, vitenge na abiria kati ya Kigoma na Mpulungu kwa vizazi. Baruti ameichora kwa rangi za maji zinazokufanya usikie joto la ziwa. Kitabu ni cha Kifaransa na bei yake ni ya Ulaya. Kwenye bandari zinazohusika na hadithi hiyo hakiuzwi kwa Kiswahili, na hilo ni pengo ambalo mchapishaji mwenye macho angeliona.

Kalamu ikigeuka panga

Haitakuwa haki kuandika habari za katuni katika ukanda huu kana kwamba zote zilikuwa kicheko. Gazeti la Kangura, lililoanzishwa Rwanda mwaka 1990, lilitumia michoro pamoja na maneno kuwafanya Watutsi waonekane adui asiyestahili kuishi. Mchoro huo ulieleweka na asiyejua kusoma, na hilo ndilo lililoufanya uwe hatari kuliko makala. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilimtia hatiani mhariri wake, Hassan Ngeze, pamoja na viongozi wa redio RTLM. Adhabu yake ilipunguzwa katika rufaa mwaka 2007 kuwa miaka 35. Rupert Bazambanza, Mnyarwanda aliyenusurika na kuhamia Canada, aliitumia sanaa hiyo hiyo kusimulia yaliyoipata familia ya jirani zake, katika kitabu cha picha kilichotoka mwaka 2004.

Gazeti la bure kwenye kibanda cha M-Pesa

Tatizo la usambazaji nililolitaja juu lilipata jibu moja mwaka 2010, na jibu lilitoka kwenye vibanda vyetu. Shujaaz, jarida la katuni la Kenya, halikuuzwa kabisa. Lilitolewa bure, nakala mamia ya maelfu kila mwezi, ndani ya gazeti la Jumamosi na kupitia vibanda vya M-Pesa. Mtu anakwenda kutoa fedha, anaondoka na katuni. Gharama zililipwa na wafadhili na kampuni zilizotaka kuwafikia vijana.

Mhusika mkuu, Boyie, amemaliza shule na hana kazi, akajitengenezea redio ya siri chumbani. Kupitia redio hiyo vijana wanasimuliana mbinu za kujipatia riziki. Moja iliyovuma ni ya kupaka vifaranga rangi ya zambarau ili mwewe asiwatambue kuwa chakula. Inaonekana kama mzaha, lakini ni mbinu ya wataalamu wa mifugo, na katuni iliifikisha vijijini haraka kuliko semina. Jarida hilo lilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy.

Lilipoingia Tanzania mwaka 2015 lilikutana na kile ambacho kila mchuuzi anayevuka Namanga anakijua: lugha ni moja lakini si moja. Sheng ya Nairobi ilikuwa ndiyo utamu wake kwa Kenya, na Sheng hiyo haiuziki Mbeya. Mhusika wa Dar lazima aongee kama mtu wa Dar. Kuna watu husema picha haihitaji tafsiri, mimi siamini. Mchoro wa mtu akianguka unachekesha popote, ni kweli. Lakini mchoro wa mtu amesimama dirishani mwa ofisi fulani na bahasha mkononi unahitaji ujue ofisi, ujue bahasha, na ujue kwa nini karani anatazama pembeni.

Wanaoendelea nazo leo wanafanya kazi kwenye simu zaidi kuliko kwenye karatasi. Ali Masoud, ambaye Watanzania wanamjua kama Masoud Kipanya, bado panya wake anapenya kwenye kona za michoro na kutoa neno moja linalokaa siku nzima. Mwenyewe ana shughuli nyingine pia, na mwaka 2022 alizindua gari la umeme lililotengenezwa Dar es Salaam. Uganda, mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo aliwaalika watu mwaka 2023 kutuma picha za mashimo ya barabarani mtandaoni kana kwamba ni maonyesho ya sanaa. Kampala ilijaa picha. Mwenye lori aliyevunja springi kwenye mashimo hayo hakuhitaji kufafanuliwa mzaha.

Ukitaka kuzifanya biashara

Kuna wanaoulizia, hasa wauza vitabu wa Busia na Mutukula, kama vitabu vya picha vinalipa. Mambo mawili ya kujua kabla ya kuagiza.

La kwanza ni forodha. Vitabu na machapisho yako katika sura ya 49 ya orodha ya ushuru. Kitabu ni 4901, gazeti na jarida la mara kwa mara ni 4902, na kitabu cha picha au cha kupaka rangi kwa watoto ni 4903. Hadithi ya picha ya watu wazima haiwi kitabu cha watoto kwa sababu tu ina michoro. Maelezo ya sura yenyewe yanasema 4903 ni vya watoto ambavyo picha ndiyo kivutio kikuu na maneno ni ya ziada. Wakala wako akiandika haraka haraka, utapangwa asipo. Pia usichanganye ushuru wa forodha na VAT. Umoja wa forodha wa mwaka 2005 haukuunganisha VAT. Kila nchi ina yake, na Kenya iliwahi kuweka asilimia 16 kwenye vitabu mwaka 2013. Kama mzigo wako ni mdogo, usiozidi dola 2,000, na umechapishwa ndani ya Jumuiya, uliza kwenye dawati la biashara ndogo kama uko kwenye orodha ya cheti kilichorahisishwa.

La pili ni hakimiliki, na hapa ndipo wengi wanapojiumiza au kuumiza wengine. Kenya iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1993, Tanzania mwaka 1994. Maana yake ni kwamba mchoro wa Mtanzania unalindwa Kenya na wa Kenya unalindwa Tanzania, tangu siku ulipochorwa, hata kama haukusajiliwa popote. Bara wanaosimamia ni COSOTA, Zanzibar ni COSOZA, Kenya ni KECOBO. Anayechukua katuni mtandaoni na kuichapa kwenye fulana, mfuko au kava la daftari, halafu akavuka nayo Holili, amevuka na mali ya mtu.

Ulinzi huo hudumu maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya kifo. Piga hesabu kwa Philip Ndunguru aliyefariki mwaka 1986: michoro iliyokuwa mali yake inalindwa hadi mwisho wa mwaka 2036. Ile aliyochora akiwa ameajiriwa inaweza kuwa ya mwajiri, kulingana na mkataba, na mikataba ya enzi hizo mingi ilikuwa ya mdomo. Anayetaka kumrudisha Lodi Lofa sokoni, kwenye kitabu au kwenye kitenge, aanze kwa kumtafuta mwenye haki na kuweka bei kwenye karatasi kabla mashine haijawashwa.